Tumwamini Nani Juu ya Gaza?

 

Leo nataka kujibu barua moja. Imetoka kwa msikilizaji wa kanisa la mashambani, naye ameniomba nisitaje kanisa wala watu. Anasema katika parishi yao kuna wazee wawili wa kanisa, watu wenye wajukuu, waliohudumu pamoja kwa miaka mingi, na sasa hawasalimiani. Hawakugombania shamba, wala fedha za harambee. Wamegombania Gaza. Mmoja asema kila neno baya linalonenwa juu ya Israeli ni uongo wa waandishi wa habari. Mwenzake asema waandishi hao hao wamenunuliwa na Israeli na Marekani. Kila mmoja ana kituo chake cha televisheni, na kila mmoja hutuma picha kwa simu usiku kucha. Siku ya Jumapili, mmoja akiombea mateka, mwingine haitiki Amina. Barua yamalizika kwa swali: "Mchungaji, tumwamini nani?"

Swali hili ni zuri, nami sitalijibu kwa kutaja jina la kituo kimoja cha redio. Nitalijibu kwa kueleza jinsi habari hizi zinavyotufikia, na mahali zinapopinda njiani.

Tuanze na jina lenyewe. Mkristo wa Kenya akisikia neno Israeli katika taarifa ya habari, neno hilo tayari limo moyoni mwake tangu shule ya Jumapili. Amwona Yakobo, amwona Daudi, auona mto Yordani. Lakini serikali inayotajwa katika habari ilitangazwa mjini Tel Aviv tarehe 14 Mei 1948. Ina bunge la viti 120, ina vyama vinavyogombana, na karibu raia mmoja katika kila watano ni Mwarabu. Mtu akisema waziri mkuu wa serikali hiyo amekosea, hajaikana Biblia. Amosi na Yeremia waliwakemea wafalme wa Israeli na Yuda kwa maneno makali kuliko ya mwandishi yeyote wa gazeti, na hakuna anayewaita adui za Israeli.

Vivyo hivyo neno Mpalestina. Wengi wetu hudhani kila Mpalestina ni Mwislamu. Hosam Naoum, Askofu Mkuu wetu wa Kianglikana aliyepokea kiti cha Yerusalemu mwaka 2021, ni Mpalestina. Gaza yenyewe ilikuwa na Wakristo wapatao elfu moja kabla ya vita. Basi anayesema "hawa ni wa Mungu na wale ni adui zake" yafaa kwanza aulize ni nani aliyeketi upande gani.

Sasa niwape kisa kimoja, kwa sababu ndani yake kila mmoja wa wazee wetu atapata la kumpendeza na la kumchoma.

Katika mji wa Gaza iko hospitali iitwayo Al-Ahli Arab. Ilianzishwa mwaka 1882 na CMS, yaani chama kile kile cha misheni kilichomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844. Kwa kipindi cha karibu miaka thelathini iliendeshwa na Wabaptisti wa Marekani, kisha ikarudi mikononi mwa Dayosisi ya Kianglikana ya Yerusalemu. Tukiitaja hospitali hiyo, tunataja nyumba ya ndugu zetu.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na vikundi vingine walivuka mpaka kutoka Gaza, wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na kuchukua mateka 251. Israeli ikaanza vita. Jioni ya tarehe 17 Oktoba, ua wa hospitali ya Al-Ahli ulikuwa umejaa watu waliokimbia makwao, wakilala nje kwa kudhani hapo ni salama. Pakatokea mlipuko mkubwa na moto. Muda mfupi tu baadaye wakuu wa Gaza, walio chini ya Hamas, walitangaza kwamba ndege za Israeli zimeipiga hospitali na kuua watu 500. Magazeti na vituo vikubwa vya dunia vikalichukua tangazo hilo mara moja, vingine vikiliweka katika kichwa cha habari kana kwamba limethibitishwa. Usiku ule ule watu waliandamana katika miji mingi ya nchi za Kiarabu. Rais wa Marekani alikuwa njiani kuja, akutane na Mfalme wa Jordan, Rais wa Misri na Rais wa Wapalestina mjini Amman. Mkutano ukafutwa. Fikirini uzito wa kichwa kimoja cha habari!

Kulipokucha, jengo la hospitali lilionekana bado limesimama. Shimo lilikuwa dogo, katika uwanja wa kuegesha magari, si kama mashimo yanayoachwa na mabomu makubwa ya ndege. Israeli ilisema lilikuwa kombora la kikundi cha Islamic Jihad lililoharibika angani na kuanguka. Kikundi hicho kilikana. Wizara ya Afya ya Gaza iliteremsha hesabu ya waliokufa hadi 471, na wapelelezi wa Marekani wakakisia kati ya 100 na 300. Mwezi wa Novemba shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch, ambalo haliionei Israeli haya hata kidogo, lilisema ushahidi uliopo waelekea kwenye kombora la aina inayotumiwa na vikundi vya Kipalestina, likataka uchunguzi kamili. Gazeti la New York Times lilitoa maelezo tarehe 23 Oktoba kwamba habari zake za kwanza zilitegemea mno madai ya Hamas. BBC nayo ilisema mwandishi wake hakupaswa kubahatisha hewani.

Hapo mzee wa kwanza atapiga makofi. Asubiri kidogo.

Katika kujitetea, Israeli iliwaelekeza watu kwenye picha ya televisheni iliyoonyesha kombora likilipuka angani usiku ule, ikasema ndilo lililoanguka hospitalini. New York Times, gazeti lile lile, lilipoichunguza picha hiyo liliona kombora hilo lilikuwa jingine, lililolipuka mbali na hospitali. Kwa hiyo hata upande ambao ushahidi mwingi uliuunga mkono ulileta uthibitisho usiofaa.

Tena, siku tatu kabla ya mlipuko ule, jengo la uchunguzi wa saratani la hospitali hiyo lilikuwa limepigwa na wafanyakazi wakajeruhiwa. Na mapema asubuhi ya Jumapili ya Mitende, tarehe 13 Aprili 2025, Israeli iliipiga Al-Ahli kwa makombora. Safari hii haikukana. Ilisema Hamas walikuwa na kituo cha uongozi ndani yake, wala haikutoa ushahidi hadharani, Hamas wakakanusha. Dayosisi ilieleza kwamba watu walipewa dakika ishirini tu za kutoka, kwamba maabara ya ghorofa mbili ilibomolewa, chumba cha dawa na idara ya dharura vikaharibiwa, na kwamba mtoto mmoja aliyekuwa na jeraha la kichwa alifariki katika haraka ya kuhamishwa. Ilisema hiyo ni mara ya tano hospitali kupigwa tangu vita vianze.

Basi mtu akisema, "Mnakumbuka Al-Ahli? Waandishi walidanganya, hivyo Israeli haipigi hospitali," amechukua Oktoba 2023 na kuificha Aprili 2025. Na akisema, "Israeli iliua watu 500 usiku ule," anarudia leo tangazo la saa ya kwanza, ambalo hata waliolitoa waliibadili hesabu yake. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya kumhukumu mtu. Kwa habari za vita ningeongeza: ilidai pia muda wa kuwahoji.

Msidhani haraka ni ugonjwa wa upande mmoja. Siku chache baada ya tarehe 7 Oktoba ilienea habari kwamba watoto wachanga arobaini walikatwa vichwa katika kijiji kimoja cha Israeli. Rais wa Marekani alisema ameona picha. Ofisi yake ikaeleza baadaye kwamba hakuwa ameona picha za namna hiyo. Habari ile haikuthibitika. Maovu ya siku ile yalikuwa mengi na ya kweli, watoto waliuawa kweli, wala hayakuhitaji kuongezewa chumvi. Uongo ule uliwasaidia wale tu waliotaka kukana kwamba kuna lolote lililotokea.

Na tarehe 23 Machi 2025, huko Rafah, askari wa Israeli waliwapiga risasi wahudumu wa magari ya wagonjwa na wa uokoaji. Wakafa watu 15. Jeshi lilisema magari yalikuja gizani bila taa. Kisha ikapatikana picha katika simu ya mmoja wa marehemu, ikionyesha taa za magari na za dharura zinawaka. Jeshi likakiri kwamba maelezo yale hayakuwa sahihi, na ofisa mmoja akaondolewa kazini. Kama simu ile ingepotea mchangani, ni maelezo gani yangebaki katika magazeti yetu hapa Nairobi?

Nataka tuseme kidogo juu ya maneno, maana upendeleo wa habari hauji siku zote kama uongo. Mara nyingi huja kama kitenzi. Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mazuri ya kupima jambo hili. Twasema mtu amefariki, twasema ameuawa, twasema ameuawa na fulani. Sikilizeni taarifa ya habari mkiwa na sikio hilo. Mwisraeli ameuawa na Hamas. Wapalestina wamefariki katika mashambulizi. Mauaji ya kwanza yana mwenye kutenda. Ya pili kana kwamba mvua ilinyesha. Geuzeni kituo, mtasikia kinyume: Wapalestina wameuawa kishahidi na jeshi la uvamizi, nao Waisraeli wa tarehe 7 Oktoba hawatajwi, au wanaitwa walowezi hata kama waliishi ndani ya mpaka unaotambuliwa na Umoja wa Mataifa.

Chukueni pia maneno mateka na wafungwa. Wale wa Israeli waliochukuliwa Gaza tunawaita mateka, na ndivyo walivyokuwa. Wapalestina walioachiliwa kwa kubadilishana nao tunawaita wafungwa. Baadhi yao walihukumiwa mahakamani kwa mauaji. Lakini Israeli hushikilia pia watu kwa amri ya kijeshi bila kuwashitaki, na katika vita hivi idadi yao ilipita 3,000. Mtu wa namna hiyo hapa Kenya hatumwiti mfungwa. Tunamwita mahabusu, na hata mahabusu huletwa mbele ya hakimu kusomewa mashitaka.

Tena kuna ule msemo, "Wizara ya Afya inayoongozwa na Hamas." Ni kweli iko chini ya Hamas, na yafaa msikilizaji ajue. Lakini hesabu zake za vita vilivyopita zilikaribiana na zile za Umoja wa Mataifa. Yapasa tutofautishe tarakimu iliyotolewa katika saa moja ya vumbi na kilio, kama ile 500, na orodha yenye majina, umri na nambari za vitambulisho. Kufikia Oktoba 2025, vita viliposimamishwa kwa mapatano, wizara hiyo ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 67,000 waliouawa. Haitenganishi wapiganaji na raia. Mwenye kuitaja hesabu hiyo aseme na hilo pia, na mwenye kuikataa yote aeleze amehesabu wapi yake.

Kwa nini tunabahatisha hivi? Kwa sababu mashahidi wamefungiwa mlango. Katika vita hivi Israeli haikuwaruhusu waandishi wa nchi za nje kuingia Gaza, ila kwa kusindikizwa na jeshi lake. Chama chao kilikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Israeli kudai njia. Waliobaki ni waandishi wa Kipalestina, nao wamekufa wengi. Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari yenye makao New York imehesabu zaidi ya 200 waliouawa katika vita hivi, wengi wao Wapalestina. Israeli ilidai baadhi yao walikuwa wapiganaji waliovaa koti la mwandishi.

Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Israeli iliifunga ofisi ya Al Jazeera. Mzee wa pili ataguna. Lakini tarehe 1 Januari 2025 mamlaka ya Wapalestina wenyewe katika Ukingo wa Magharibi iliisimamisha Al Jazeera hiyo hiyo kwa miezi kadhaa, kwa sababu ilitangaza mapigano baina yake na wapinzani wake. Nao Hamas mwaka 2022 waliwawekea waandishi wa Gaza masharti ya nini wasiandike, wakayaondoa baada ya kulalamikiwa. Al Jazeera yenyewe hulipiwa na serikali ya Qatar, ambako wakuu wa Hamas walikuwa na ofisi tangu 2012. Kwa upande mwingine, magazeti ya Israeli yako chini ya mkaguzi wa kijeshi, ingawa baadhi yake huikosoa serikali yao vikali kuliko wahubiri wengi wa hapa kwetu wanavyothubutu. Kila dirisha lina mwenye nyumba. Tuangalie nje kupitia madirisha zaidi ya moja, na tujue nani ameyajenga.

Sasa juu ya viongozi, maana wazee wetu wanabishana pia kama watu wa Gaza "walijitakia" kwa kumchagua Hamas, na kama Waisraeli wote ni Netanyahu.

Uchaguzi wa bunge la Wapalestina ulifanyika Januari 2006. Hamas walipata viti 74 katika 132, kwa kura zisizofika nusu. Mwaka uliofuata waliichukua Gaza kwa bunduki kutoka kwa wenzao wa Fatah. Tangu hapo hadi vita vilipoanza watu wa Gaza hawakupiga kura ya bunge tena, na karibu nusu yao walikuwa watoto chini ya miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 alimchagua nani? Mahmoud Abbas naye alichaguliwa rais Januari 2005 kwa miaka minne. Uchaguzi ulipangwa mwaka 2021, akauahirisha, naye akaendelea kutawala. Mwezi wa Machi 2025, katikati ya magofu, mamia ya watu wa Gaza waliandamana kuwapinga Hamas hadharani. Ni ujasiri wa namna gani huo! Vituo vingine viliwapitia haraka, kwa kuwa hawakuingia vizuri katika hadithi ya upande wowote.

Waisraeli wao hupiga kura mara nyingi, na Benjamin Netanyahu ametawala kuliko waziri mkuu yeyote wa nchi hiyo. Kesi yake ya rushwa ilianza mwaka 2020. Tangu 2018 serikali yake iliruhusu fedha za Qatar ziingie Gaza chini ya macho ya Hamas, jambo ambalo Waisraeli wengi wanamdai maelezo yake. Mwaka 2023 malaki waliandamana kupinga mpango wake juu ya mahakama. Septemba 2024 wakatoka tena, walipopatikana maiti za mateka sita, wakimtaka afanye mapatano. Anayesema "Waisraeli wanataka vita" amewasahau hao. Tarehe 21 Novemba 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kumkamata yeye, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi Yoav Gallant, na kamanda wa Hamas, Mohammed Deif, ambaye ilijulikana baadaye kwamba alikuwa ameshauawa. Sisi Wakenya jina la Hague si geni kwetu. Twajua hati si hukumu. Twajua pia jinsi kiongozi anayeshitakiwa anavyoweza kuwaambia watu wake kwamba kabila zima ndilo lililoshitakiwa.

Hilo ndilo ningependa wazee wale wawili walifikirie. Kiongozi wa Hamas apendapo kusema yeye ndiye Palestina, na waziri mkuu apendapo kusema yeye ndiye Israeli, tusiwasaidie. Mwandishi akisema "Israeli imesema", ulizeni ni nani hasa: msemaji wa jeshi, waziri, mahakama, au jamaa za mateka? Akisema "Wapalestina wamesema", ulizeni kama ni Hamas, ni Abbas, au ni daktari katika wadi. Ulizeni alikuwapo, au ameambiwa. Na picha ikija kwa simu bila tarehe wala mahali, iache ilale kwako hadi asubuhi.

Nimalize na habari moja iliyotugusa Afrika Mashariki. Mwezi wa Septemba 2023 vijana wa Tanzania waliwasili Israeli kujifunza kilimo. Wawili wao waliuawa tarehe 7 Oktoba. Hawakuwa na upande katika ugomvi ule. Walikwenda kujifunza kazi ya shamba. Tangazo la watu 500 wa Al-Ahli lilizunguka dunia kabla moto haujazimika. Familia moja ya Kitanzania ilithibitishiwa kifo cha mwanawe mwezi wa Novemba. Ya pili ilingoja hadi Desemba kuambiwa kwamba mtoto wao hakuwa mateka aliye hai bali amekufa, na mwili wake haukurudishwa kutoka Gaza hadi Novemba 2025.